Nyumba Niliyoipata kwa Kichwa Chako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ndivyo ulivyonilea, na siwezi kuanza na neno jingine.

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi iko juu ya benchi langu la useremala, na kila nikimaliza mistari miwili naenda nje, natazama mlima, narudi. Mama na mdogo wangu Namkunda wameshuka kanisani. Mimi nimesema mgongo unaniuma. Hauniumi. Nina jambo ambalo siwezi kulisema mbele yao, na linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilimwahidi Baba Mkubwa kichwa chako ili tupate nyumba.

Basi, nimelisema. Sasa nikueleze lilivyoanza, maana nikiliacha hapo utadhani mwanao alirukwa na akili.

Tulikuzika kwenye makaburi ya misheni, mstari wa pili, karibu na ukuta wa mawe. Jeneza nililitengeneza mwenyewe, mbao za mkulo. Nilikukadiria kwa macho kwa sababu sikuwa na moyo wa kukupima kwa futi, na kumbe ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Asubuhi ya mazishi ikabidi nibomoe ubao wa miguuni niunge kipande kingine. Kiungo kile kilikuwa kibaya, Baba. Hakuna aliyekiona ila mimi, na mpaka leo kinanisumbua.

Nyumba, kama ujuavyo, haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwalimu wa misheni, na mwalimu ulikuwa wewe. Wazee wa kanisa walikuja, wakanywa chai, wakasifu maandazi ya Mama kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili, halafu wakasema tukae mpaka baada ya mavuno, kwa kuwa mwalimu mpya anakuja na mke na watoto wanne. Siwalaumu. Hata wewe ulipoingia mle ulikuta misumari ya mwenzako ukutani ukaning'inizia koti lako.

Kabla ya wazee wale, Baba Mkubwa alikuwa amekwisha sema lake. Alikaa msibani siku zote saba bila kuingia kanisani, akawa anachonga kijiti tu pale nje. Siku ya mwisho akamwambia Mama kwamba nyumba ya Babu kule Bombo iko wazi, ina migomba, ina zamu yake ya maji kwenye ndiva, lile bwawa la mfereji, na ni haki ya watoto wa mdogo wake. Ila wakati ukifika, kichwa chako kitolewe kaburini, kiwekwe kwenye chungu kipya, kipelekwe msitu wa ukoo, chini ya jiwe walipo Babu na baba zake. Alisema, “Shemeji, nyumba haisimami wakati mwenyewe amelala peke yake na wageni.” Mama alimpa mkono, akamshukuru kwa msiba, akamwambia kwamba Mungu atatuonyesha mahali pengine.

Basi tukaanza kuonyeshwa.

Kwanza tulionyeshwa Hedaru. Tulishuka kwa miguu, tukalala njiani, miguu ya Namkunda ikavimba. Muumini mmoja mnunuzi wa ngozi alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka lake. Mimi niliangalia kenchi za paa, nikagonga miimo ya milango, nikaona hakuna mchwa. Mama hakuangalia hata kitu kimoja. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, akaimba ubeti mmoja, akafumba macho, akanyamaza. Tukasubiri. Lori likapiga honi barabarani. Mama akafumbua macho akasema hajasikia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimesikia lori, lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, nikamwonea huruma.

Tulionyeshwa nyumba nyingine palepale Hedaru, ya udongo, nzuri tu, upande wa soko. Sakafuni, ubeti, kimya. Hakusikia. Tukadandia lori la mkonge mpaka Same, na pale mlinzi mmoja wa reli, mtu wa kanisa, alitupa nyumba yenye bati, hatua chache kutoka stesheni. Bati, Baba! Nilipanda juu nikaikagua msumari kwa msumari. Nikashuka nikakuta Mama yuko sakafuni. Mlinzi yule alivua kofia akidhani tumeanza ibada. Hakusikia.

Nakuambia kweli, siku ile nilimchukia Mama kwa muda wa kama saa nzima. Nilizunguka stesheni mara tatu ili nisimwambie neno ambalo mtoto hamwambii mzazi.

Tulikuwa tunalala kwenye darasa la kanisa, juu ya madawati tuliyoyaunganisha. Wanafunzi wakija asubuhi tunakunja mikeka. Wiki ya pili Namkunda akashikwa na homa. Unajua mtoto wa mlimani akikutana na mbu wa tambarare. Alikuwa anatetemeka mpaka dawati linagonga sakafu, na akipata nafuu anauliza kama kesho tunarudi nyumbani. Miaka saba, Baba, na nyumbani kwenyewe amekwisha kuingia mtoto mwingine. Mganga wa serikali alimpa kwinini, akasema dawa hii ni ya kumsaidia tu, mpandisheni kwenye baridi. Mama akasema tuzidi kuomba.

Niliomba. Nilikuwa naomba huku nimekwisha beba begi la randa na patasi.

Nilimwambia Mama naenda kutafuta kazi ya madirisha. Nikapanda peke yangu, siku mbili, mpaka kwa Baba Mkubwa. Alinipokea kama mwana wake, akanipa makande ya moto, hakuniuliza kitu mpaka nikashiba. Chungu kilikuwa tayari. Alikwisha kufinyangiwa na mama mmoja wa upande wa pili wa bonde, chungu kizuri, shingo pana, kimewekwa kwenye kona ya jikoni. Ndani alikuwa amehifadhi maharage ya mbegu. Aliona nakitazama, akasema kwa aibu kidogo kwamba panya wamezidi.

Nikamwambia nakubali. Mimi ndiye mwanao wa kwanza, na jambo lile haliwezi kufanyika bila mkono wangu, anajua na mimi najua. Alinishika mkono akaushikilia. Macho yake yalikuwa na machozi, na mimi nikaangalia maharage.

Nilishuka Same kama mtu anayekimbizwa. Nikamwambia Mama kwamba Baba Mkubwa amelainika, anatupa nyumba ya Babu bila neno. Mama alinitazama sana, lakini mtoto alikuwa anatetemeka kwenye dawati, na mama hawezi kutazama mahali pawili. Tukapanda. Mtu mmoja wa mizigo alimbeba Namkunda mgongoni, nikamlipa kwa kumtengenezea kigoda.

Tulipofika, Mama alifanya ileile. Sakafuni, miguu mbele, ubeti. Akafumba macho. Mimi nilisimama mlangoni na mzigo kichwani, shingo inaniuma, nikijua kwamba akisema hajasikia nitaangua kilio kama mwanamke mjane. Akafumbua macho. Safari hii hakusema, aliuliza. Aliniuliza mimi, “Eliamani, umesikia?”

Nikasema, “Nimesikia, Mama.”

Akalia kwa furaha. Akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Uongo mwingine niliowahi kusema nimeusahau, huu haunisahau.

Nyumba ilikuwa njema, sitakudanganya wewe. Nilibadilisha mlango wa mbele, nikaziba paa kwa nyasi mpya. Zamu yetu ya maji ilikuwa ya pili kwenye ndiva, maji yanafika shambani yakiwa na nguvu. Namkunda akanenepa, akaanza kugombana na mbuzi wa watu. Mama alipanda viazi, akawa anaimba bila kufumba macho. Kila mtu alikuwa na raha isipokuwa mimi. Sikuweza kukaa. Nikianza dirisha naliacha nusu naenda kwenye stuli, naiacha stuli naenda mtoni bila kiu. Kaburini kwako sikwenda hata mara moja, na Mama akawa anauliza. Nilisema kazi nyingi. Kwa Baba Mkubwa nilikuwa nikienda kusalimia nasimama nje, nisikione chungu kile.

Mavuno yaliyofuata yalipokwisha, Baba Mkubwa alikuja. Alivaa kanzu safi, amebeba kibuyu cha pombe ya miwa, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Alimsalimia Mama kwa heshima zote, akamwambia amekuja kupanga siku ya kumleta mdogo wake nyumbani, kama alivyokubaliana na kijana.

Mama alikuwa anapeta mahindi. Aliweka ungo chini polepole. Akawakaribisha, akawapa viti, akawaambia watamwia radhi kidogo. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Nilitegemea kofi. Ningelipokea. Badala yake aliniuliza kwa sauti ndogo kwa nini. Na mimi, Baba, badala ya kuomba msamaha nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba Mungu alikwisha kutuonyesha Hedaru mara mbili na Same mara moja, na bati juu, yeye ndiye hakutaka kusikia. Nilimwambia kwamba mwanawe alikaribia kufa juu ya dawati yeye akisubiri sauti. Nilisema mengi. Sitayaandika yote.

Alikaa chini, palepale kwenye majani makavu ya migomba. Akasema jambo ambalo sikuwa nalijua. Alisema yeye hajawahi kusikia kitu maisha yake yote. Aliyekuwa akisikia ulikuwa wewe. Kila mlipohamishwa, wewe ulipiga magoti, ukainuka, ukasema mahali ni hapa, yeye akatua mzigo. Hakuwahi kukuuliza umesikiaje, ilimtosha sauti yako. “Nilikuwa nakaa sakafuni,” alisema, “nikifikiri labda na mimi nitapewa kidogo. Nilikuwa nasikia ukimya wa baba yenu tu.”

Nilikaa chini kando yake. Tulikaa mpaka wazee kule mbele wakaanza kukohoa kohoa.

Nilipoinuka, nilikwisha kujua. Sijui kama ndiyo kusikia kwenyewe. Niliona tu kwamba wote tunakuvuta sanda. Baba Mkubwa anataka kichwa chako awe na wa kumuuliza, Mama anakutafuta kwenye sakafu za watu, na mimi nimekuuza ili mtu mwingine, hata kama ni maiti, aniwekee paa. Hakuna aliyekuacha ulale.

Nilikwenda mbele nikamwambia Baba Mkubwa, mbele ya wazee wake, kwamba nilimdanganya. Kwamba niliahidi kitu ambacho si changu, na sitakitoa. Nilidhani atanilaani. Wazee wale walitaka anilaani, niliwaona. Yeye aliweka kibuyu chini akasema, “Mdogo wangu alinikimbia mara mbili.” Akaeleza, kama vile mimi simo, jinsi ulivyokwenda shule ya Wazungu ukiwa mdogo ukamwachia mbuzi, na jinsi siku ya kutoa kichwa cha Babu ulivyobaki darasani ukifundisha, yeye akachimba peke yake. Akasema alidhani safari hii utarudi. Wewe uliniambia habari za shule nyingi sana, Baba, lakini habari ya mbuzi hukuniambia.

Halafu akasema nyumba ni ya ukoo, na tutoke kabla ya mwezi kuandama.

Tulitoka. Na siku ya kutoka alikuja alfajiri, bila kuombwa, akajitwisha jiwe la kusagia la Mama, lile zito, akatubebea mpaka kwenye njia panda. Ametufukuza na ametubebea mzigo. Alitua jiwe, akamshika Namkunda kichwani, akarudi. Nimejaribu kumkasirikia, sijaweza.

Sasa tuko mteremko wa juu ya barabara ya Same, si mlimani hasa wala si tambarare. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na kipande cha mawe kilichomshinda kulima, akatupa. Mjumbe wa mfumwa, chifu wa huku, akaja akakipima kwa hatua zake, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hapa ndipo mfereji unapoishia. Maji yanatufikia yakiwa yamekwisha kunywewa na mashamba ya watu wote. Siku ya kwanza palikuwa na mawe tu na mkuyu mmoja mkavu. Mama alisimama na mzigo kichwani, hakukaa chini, kwa kuwa hapakuwa na sakafu. Akasema, “Mungu hajasema, mwanangu.”

Nikamjibu, “Mama, mimi nimesema.”

Sikujua kama ni imani au ni kiburi, na bado sijui. Alinitazama mpaka nikataka kuyameza maneno yangu. Kisha akatua mzigo. Jioni aliomba kama kawaida, lakini hakuuliza kitu, alishukuru tu kwa mawe, akayataja kama vile ni ng'ombe. Namkunda akacheka katikati ya sala, na Mama hakumkemea.

Sasa nifike kwenye kile nilichosema siwezi kukisema mbele yao.

Alhamisi mtu wa sokoni alinijia na salamu kutoka kwa Baba Mkubwa. Anasema nyumba bado iko wazi. Hajampa mtu. Mlango wangu bado uko pale, viazi vya Mama vimezaa, na chungu kipo. Hakutuma neno jingine. Na juzi mvua ya kwanza imepiga, paa letu halijakamilika, tukalala tumekaa, migongo ukutani, Namkunda katikati. Alikohoa. Mara moja tu, lakini nilihesabu muda mpaka pale ambapo angekohoa tena. Na moyo wangu, Baba, ukaniambia: kichwa tu. Yeye mwenyewe hayumo. Ulifundisha mwenyewe darasani kwamba mtu akifa hayumo. Basi kuna ubaya gani, mifupa ikahama bonde moja mpaka jingine, mtoto akalala pakavu? Nimetembea na neno hilo siku tatu. Nimelipiga randa pande zote, na sijaona mahali lilipopinda. Ndiyo maana sikwenda kanisani. Leo nilikuwa nimepanga kupanda Bombo.

Nilikuwa na mbao nne nzuri za mkulo, zilizobaki kwenye jeneza lako. Nilizihamisha kila tulikohama, Hedaru, Same, Bombo, mpaka hapa, na nilikuwa nimemwambia Mama ni za kazi ya mtu. Hazikuwa za mtu. Nilizitunza ndefu, bila kuzikata, kwa ajili ya nyumba itakayokuwa yetu kweli. Asubuhi, walipoondoka kwenda ibadani, nilizifunga kamba tayari kuzibeba mlimani. Nikajitwisha. Nikafika pale mfereji unapoishia.

Pale nikasimama, na nilichofikiria hakikuwa mambo ya dini. Nilifikiria ile siku yenyewe. Kwamba nitalazimika kuking'oa kile kifuniko nilichokipigilia mwenyewe, na nitauona ule ubao wa miguuni nilioungaunga, na nitakukuta hujakaa vizuri kwa sababu ya haraka yangu. Na bado nitachukua kitu kutoka kwako. Nilikupima vibaya ulipokufa, Baba. Sikuweza kukusumbua mara ya pili.

Nikarudi. Nimepima mlango wa hapa, wa mawe haya, ambao ni mfupi na upande mmoja umeinama kwa sababu ukuta umeinama. Nimezikata zile mbao kwa kipimo hicho. Nimekata zote nne kabla mkono haujapoa. Sasa haziwezi kuingia mlango mwingine wowote duniani, si wa Bombo wala wa mahali pengine. Vumbi la mbao liko miguuni pangu ninapoandika, na limeingia mpaka kwenye wino, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Kesho yule mtu wa sokoni anapanda. Nitampa salamu zangu kwa Baba Mkubwa, na nitamwambia amweleze aingize mtu kwenye nyumba ile, na maharage yake ayaache kwenye chungu. Na nitakwenda mwenyewe baada ya kupanda mbegu, mikono mitupu, nimchimbie shamba lake siku mbili tatu, maana ana umri, na aliachwa na mbuzi peke yake.

Nawasikia wanapanda, Namkunda anaimba vibaya. Nimalizie.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi hakuna jembe litakalogusa mstari wa pili karibu na ukuta wa mawe, maadamu mimi niko hai, na wanangu nitawaambia vivyo hivyo. Sitakuuliza tena tukae wapi. Tukikosea, kosa litakuwa letu, na tutalala ndani yake. Mvua zitanyesha, mtoto atakohoa, na ninajifahamu: nitakuita. Mama naye atakuita, na yule kaka yako kule juu hataacha kukuita.

Usituitikie. Lala.

Mwanao,
Eliamani